Mlango wa Kaya ya Mtu Mmoja

Kwenye ramani, kila mlango ulikuwa na kijipinde chake, kama ukucha uliokatwa ukasahauliwa juu ya karatasi. Kijipinde kilionyesha upande ambao mlango ungefungukia. Katika nyumba za familia, vipinde vyote vilitazama ndani. Lakini katika ghorofa ya juu ya jengo la mwisho, kwenye safu ndefu ya vyumba vidogo, vilitazama nje, koridoni. Seremala aliinama juu ya ramani, akacheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni.

"Hawa wamechora milango ya vyoo," alisema.

Seremala huyo walimwita Bawaba, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake na kwenye kitambulisho. Kazi za mbao aliziweza zote, lakini milango ndiyo iliyompa sifa. Mlango aliouweka yeye haukulia wala haukukwama wakati wa mvua, na ukiuachia katikati ulisimama palepale kama mtu aliyeambiwa asubiri. Shule aliiacha mapema, akaingia karakana akiwa bado hajaota ndevu, na tangu hapo hakuwahi kumwogopa mtu mwenye karatasi.

"Ramani inasema nje," alisema nyapara, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake.

"Ramani haitaishi humu. Mlango wa nyumba unafungukia ndani, nyapara. Mgeni anasukuma, anaingia, amekaribishwa. Huu wa kwao unampiga mgeni usoni kwanza, halafu ndiyo unamwambia karibu. Na iangalie korido yenyewe! Watu wawili wenye matumbo kama lako hawapishani."

"Tumbo langu liache."

"Nimeliacha. Tugeuze milango."

"Wakija kukagua?"

"Nani atapanda ngazi zote hizi kuja kutafuta ukucha?"

Nyapara alijikuna shingo. Alikuwa na haraka ya kumaliza jengo, na ni kweli kwamba milango ya kufungukia koridoni ingewasumbua wapaka rangi. "Haya," alisema. "Lakini ni wewe uliyesema."

Wakageuza safu nzima. Bawaba alichagua mbao nzito, akazipiga randa mpaka zikang'aa, akatia bawaba nene kwa upande wa ndani ili mwizi asipate pa kuchokonoa. Vyumba vyenyewe mafundi walivifanyia mzaha kila siku. Wapiga lipu waliviita makabati. Mafundi bomba waliviita masanduku. Bawaba alisema mtu akijigeuza usingizini humo anaamkia jikoni. Lakini milango yake aliipenda. Alijiona amewafanyia hisani watu asiowajua.

*

Nyumba yao wenyewe ilikuwa ya mbao na mabati, katika mtaa uliopigwa alama nyekundu ili ubomolewe. Waliishi humo watano: yeye, mkewe, mabinti zao pacha, na mama yake mzazi. Mama alilala upande wa pili wa ukuta wa mbao ambao Bawaba aliusimamisha mwaka ule baba alipofariki. Kila alfajiri, kabla hajavaa viatu, aliugonga ukuta ule mara mbili kwa kidole kilichokunjwa.

"Umeamka?"

"Sijafa," mama alijibu.

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Mkewe, Mama Pacha, mwanzoni iliposemwa alikuwa akishtuka. Baadaye alizoea, na asubuhi jibu lilipochelewa kidogo aliacha kuchochea moto akasikiliza.

Ofisi ya makazi ilikuwa imefungua meza zake kwenye ukumbi wa mtaa. Aliyeketi mbele ya Bawaba alikuwa dada mmoja mwenye macho yaliyochoka, ambaye hakuinua sauti hata mara moja. Alieleza kwa uvumilivu, kama mtu anayerudia jambo ambalo amelieleza tangu asubuhi.

"Zamani serikali ilijenga nyumba za ukubwa mmoja, baba. Wenye watoto wengi walijibana, na aliye peke yake alipwaya. Safari hii tulifanya mpango. Kuna za mtu mmoja, kuna za watu watatu mpaka wanne, na kuna kubwa."

"Sisi tuko watano."

"Kwa hiyo mnastahili kubwa."

"Nipe kubwa."

"Zimeisha." Aliweka kalamu chini. "Tulikadiria kwamba familia kubwa zinapungua. Hatukukadiria vizuri. Kubwa nyingine zitatoka awamu ya pili."

"Na mtaa unabomolewa lini?"

"Kabla ya mvua."

Bawaba aligeuka kutazama foleni iliyokuwa nyuma yake. Ilitoka nje ya ukumbi, ikazunguka kona. Wote hao wangetafuta pa kupanga katika wiki ileile, na tangu tangazo litoke hakukuwa na kibanda mjini ambacho hakijajaa mpaka barazani.

"Kuna njia," alisema yule dada, sasa akiwa hamtazami. "Mama yako akiandikwa kama kaya yake mwenyewe, ninyi mnakuwa wanne. Mnapata ya watu wanne, naye anapata ya mtu mmoja. Za mtu mmoja zipo nyingi. Kaya mbili, funguo mbili, hata kesho."

"Unanitenga na mama yangu?"

"Mimi simtengi mtu, baba. Ninagawa zilizojengwa."

Bawaba alirudi nyumbani na mdomo mzito. Alimkuta mama ameketi kwenye kigoda akimsuka pacha mmoja, na pacha wa pili amekaa pembeni akisubiri zamu yake huku akilalamika. Alisema maneno yale ya ofisini haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Mikono ya mama haikusimama. "Kwa hiyo mimi ni kaya," alisema.

"Ni maneno ya ofisi tu, mama."

"Nimezaa, nimezika, nimelea wa kwangu na wa wenzangu, hakuna aliyewahi kuniita kaya. Uzee una vyeo vyake." Akaivuta nywele ya mjukuu, mjukuu akapiga yowe. "Mnacheka, wake wenzangu? Mtakuja kulala kwangu kwa zamu. Asiyekuja simsuki."

Mama Pacha hakucheka. Alimwita mumewe nyuma ya nyumba, akasimama naye karibu na mbao alizokuwa ameanika.

"Tusubiri awamu ya pili," alisema. "Tujibane popote. Hata kwa kaka yangu."

"Kwa kaka yako watu wanalala kwa kupokezana."

"Mama hajawahi kulala chumba cha peke yake tangu azaliwe. Amelala na dada zake, akalala na mume, sasa analala na wajukuu. Leo umtie kwenye lile kabati lenu mnalolicheka?"

Lile neno kabati lilimchoma, kwa sababu yeye ndiye aliyelileta nyumbani. Alirudi ndani akiwa amekata shauri tayari, na ili asiyumbe alichukua kitu alichokuwa na hakika nacho.

"Mlango wako nimeuweka mimi mwenyewe, mama," alisema. "Mbao nzuri. Hautakusumbua maisha."

Mama alitabasamu kama anavyomtabasamia mtoto aliyemletea ua lililokwishanyauka.

"Nakubali," alisema. "Lakini asubuhi utagonga wapi?"

"Nitapita nikienda kazini."

*

Na kwa kweli alipita. Wiki za mwanzo alikatiza uwanja uliokuwa kati ya majengo, akapanda ngazi mpaka juu, akagonga mara mbili. "Sijafa," mama alijibu kutoka ndani, halafu akafungua, akamtaka aingie. Bawaba alisema amechelewa, lakini hakuondoka kabla hajaupitisha mkono kwenye ukingo wa mlango kuangalia kama umetanuka.

Kisha kazi ya awamu ya pili, ambayo tayari walikuwa wameiombea nyumba kubwa, ikaanza ng'ambo ya barabara, na mafundi wakawa wanatokea kwenye lango la nyuma. Kupita kwa mama kukawa kuzunguka. Akasema atapita jioni. Jioni alirudi amechoka mgongo, akamtuma mkewe, na mkewe alikwenda kila mchana na chakula hata asipotumwa. Mapacha walikwenda siku za mapumziko ya shule. Hakuna aliyemtupa mama. Kila mtu alikuwa anapita, na kila mtu aliamini kwamba saa ambayo yeye hayupo, mwingine yupo.

Siku moja alipopita, alimkuta mama ameketi kitandani, mikono mapajani, redio imezimwa.

"Majirani wakoje?" alimuuliza.

"Wapo. Kaya tupu." Alionyesha ukuta kwa kidevu. "Huku kila mtu anafungulia redio yake kwa sauti ndogo ili asimsumbue mwenzake. Na mwenzake anatamani kusumbuliwa."

"Si ugonge ukuta muongee?"

"Huu? Huu ni zege, baba. Nimeugonga. Umenirudishia maumivu yangu mwenyewe."

Bawaba alicheka. Aliposhuka ngazi alijisikia vizuri kwamba mama bado ana mzaha. Alichoambiwa kilipita sikio moja kikatokea la pili.

*

Mama Pacha alikuja kwenye kazi ya awamu ya pili akiwa peku. Bawaba alimwona kwa mbali akivuka barabara bila kutazama magari, akaiweka randa chini.

"Mama hafungui," alisema mkewe, akihema. "Anaongea, lakini hafungui."

Walikimbia. Kwenye korido ya juu, majirani wawili wazee walikuwa wamesimama kila mmoja mlangoni kwake, mkono kwenye mwimo, kama watu wanaoogopa kuvuka mto. Bawaba alifika kwenye mlango wa mama, akaushika mpini. Ulizunguka. Kitasa kilikuwa wazi.

"Mama."

"Niko hapa." Sauti ilitoka chini, karibu na miguu yake.

Alisukuma. Mlango ulisogea unene wa kidole, ukagonga kitu laini, na ndani kukatoka mlio ambao hakuwahi kuusikia kwa mama yake, hata siku ya msiba.

"Usisukume," mama alisema pumzi ziliporudi. "Unanisukuma mimi."

Bawaba alipiga magoti. Kwenye upenyo wa ukingo aliona nguo ya mama, ile ya maua yaliyopauka, imebanwa kati ya mlango na sakafu. Mama alikuwa amelala kwa kujikunja katika kile kinjia chembamba kati ya kitanda na mlango, mgongo umekaa kwenye mbao. Hakukuwa na upande mwingine wa kuangukia. Chumba chote kilikuwa kinjia kile.

"Sogea kidogo tu, mama. Upana wa mkono."

"Mguu hausikii. Nimeuambia, hausikii."

Aliinuka, akazitafuta bawaba. Mkono wake ulikwenda wenyewe kama ulivyozoea, ukapapasa mwimo kutoka juu mpaka chini, ukakuta mbao laini, iliyopigwa randa ikang'aa. Bawaba zilikuwa ndani, pale alipoziweka. Ufunguo ulikuwa umeshazungushwa kufungua. Kitu pekee kilichohitajika kuufungua mlango ule kilikuwa kusukuma. Kama ungefungukia koridoni, mtoto mdogo angeuvuta kwa mkono mmoja.

"Umekaa hapo tangu lini?" aliuliza.

"Asubuhi." Mama akaongeza kama anayeomba radhi, "Nilisikia hatua. Nikajua unapita. Nikaamka kwa haraka nikufungulie."

Mama Pacha alijifunika mdomo. Bawaba hakumtazama.

"Mbona hukuita watu?"

"Niligonga. Mara mbili, mara mbili. Sikupata nguvu ya kupiga kelele."

"Tulisikia," alisema mmoja wa majirani kwa sauti ndogo. "Tukadhani ni mafundi wako kazini."

Dirisha lilikuwa na nondo, na lilikuwa juu mno. Bawaba alishuka mbio kuchukua msumeno na keekee, akapanda, akatoboa tundu usawa wa kifua, akaingiza msumeno, akaanza kuukata mlango wake. Mbao zilikuwa nzito. Alizichagua hivyo. Jasho lilimwingia machoni, na kila alipovuta msumeno alisikia ukimjibu kwa ule mlio mnene wa mbao isiyo na kasoro.

"Vumbi linaniangukia," alisema mama.

"Jifunike uso."

"Mbao gani hii?"

"Mbao nzuri, mama."

"Ndiyo maana unachelewa."

Alitaka kucheka ili mama asikie kwamba amecheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko. Ile nusu ya juu ilipong'oka, mkewe na wale wazee waliipokea, naye akapanda juu ya nusu iliyobaki, akatafuta mahali pa kuweka mguu upande wa pili. Hapakuwapo. Ilimbidi atangulize mikono, ajishike kitandani, na kujivuta kama mwizi ndani ya chumba cha mama yake.

*

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika, na daktari alisema kwa mtu wa umri ule nyonga ndiyo mwanzo tu. Ikafuata kifua. Bawaba aliacha kazi akawa anakaa wodini. Kila asubuhi aliugonga ukingo wa chuma wa kitanda mara mbili. Mama aliinua kidole. Alipokuwa hawezi tena kusema, kidole kile kilisema. Asubuhi moja Bawaba aligonga, akangoja, akagonga tena kwa nguvu zaidi mpaka muuguzi akaja kumshika mkono.

Mvua zilianza wiki ile ile ya maziko. Mtaa wao wa zamani ulikuwa umeshakuwa tope na vipande vya bati.

Yule dada wa ofisi ya makazi alikuja mwenyewe. Alitoa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Alimkuta Bawaba na nyapara kwenye korido ya juu, mbele ya chumba. Nusu ya mlango ilikuwa bado imening'inia kwenye bawaba zake. Alisimama akiitazama kwa muda, kisha akashusha macho sakafuni, akayarudisha.

"Unafungukia ndani," alisema.

Yule dada aliugusa mwimo kwa kidole.

"Hivi tulivichora vifungukie nje. Makusudi kabisa. Anayekaa peke yake akianguka, anaangukia mlangoni, kwa sababu hakuna nafasi nyingine. Tulijua ni vidogo." Sauti yake ilipungua. "Hilo tulilikadiria. Sijui nani aligeuza."

Bawaba alifungua mdomo. Nyapara alimkanyaga mguu.

"Miimo ilitoka kiwandani hivyo, dada," alisema nyapara. "Waliotuletea ndio waliokosea."

Yule dada aliandika. Kisha akasema chumba kina mtu anayekisubiri, mlango ukarabatiwe haraka. Alikuwa ameanza kuondoka alipogeuka, na ilionekana wazi kwamba hakutaka kulisema lililobaki, ila lilikuwa sehemu ya kazi yake.

"Na kuhusu ile nyumba kubwa mliyoomba awamu ya pili, baba. Sasa mko wanne. Ile mliyo nayo inawatosha. Itabidi niliondoe jina."

"Liondoe," alisema Bawaba.

Visigino vyake vilisikika mpaka chini kabisa. Nyapara alipumua.

"Nimekuokoa," alisema.

Bawaba hakumshukuru. Alikuwa anautazama ule mstari wa msumeno wake, ulivyopinda katikati, yeye ambaye hajawahi kukata mstari uliopinda.

*

Aliuweka mlango mpya siku iliyofuata. Alihamisha ubao mwembamba wa kwenye mwimo unaouzuia mlango usipitilize, akachonga kwa patasi nafasi mpya za bawaba, akazitia kwa upande wa koridoni. Nyapara alipanda akakuta kazi iko katikati.

"Utampiga mtu usoni na huo," alisema.

"Atapona."

Mpangaji mpya alifika kabla vumbi halijafagiwa: mzee mmoja mwembamba, kiti kimoja begani, redio mkononi. Aliuvuta mlango, akausukuma, akauvuta tena.

"Fundi, umekosea. Umekaa kinyume."

"Umekaa sawa, mzee."

"Mgeni wangu atasimama wapi ninapomfungulia?"

"Atarudi nyuma hatua moja. Ingia, ujifungie, niusikilize."

Mzee aliingia, akaufunga. Haukulia. Bawaba alisimama peke yake koridoni, mkono juu ya mbao, na kidole chake kikajikunja bila yeye kukiambia. Kikagonga mara mbili.

"Nani?" aliuliza mzee kutoka ndani.

Bawaba aliondoa mkono kwenye mbao.

"Nani hapo?"

"Fundi tu."

Aliinama akakusanya patasi, nyundo na bisibisi. Safu ya milango ilikuwa mbele yake mpaka mwisho wa korido, yote imefungwa, yote inang'aa, na nyuma ya kila mmoja redio ya sauti ndogo.

"Kazi ilikuwa mlango mmoja!" nyapara alimwita kutoka kwenye ngazi. "Bawaba! Hiyo mingine utamwambia nini yule dada?"

Hakugeuka. Aliweka vifaa chini mbele ya mlango uliofuata, akagonga mara mbili, akategesha sikio.